Mgeni Aliyekuwa Ndani Tayari

Kompyuta yangu ya mezani niliinunua Luthuli Avenue, mtumba kutoka ng'ambo: prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita, na vumbi la kutosha. Mtu mwenye akili timamu angeweka Windows aendelee na maisha yake. Mimi nilitaka kuweka MINIX, tena iendeshe mashine yenyewe bila mfumo mwingine chini yake.

Nilivutwa na historia. Unix toleo la saba ilipotoka mwaka 1979, leseni ya AT&T ilikataza msimbo wake kufundishwa darasani. Andrew Tanenbaum, mwalimu wa Vrije Universiteit kule Amsterdam, akaamua basi ataandika mfumo wake. Ulitoka mwaka 1987, ukiwa na kitabu kilichochapisha mistari kama 12,000 ya msimbo. Mwanafunzi aliyekuwa na IBM PC aliweza kuuendesha, kuusoma na kuuchokora.

Kila mfumo endeshi una kerneli, sehemu yenye mamlaka yote juu ya mashine. Tanenbaum alitaka iwe ndogo, kazi nyingine zifanywe na programu zilizo nje yake, zikitumiana ujumbe. MINIX 3 ya mwaka 2005 ilitoa nje hata draiva. Fikiria matatu: makanga akizimia, gari halifai kupinduka. Unaleta makanga mwingine, safari inaendelea.

Januari 1991, mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alinunua kompyuta ya 386 akaweka MINIX. Humo ndimo alimoanzia kuandika Linux, yenye kerneli moja kubwa. Mwaka uliofuata Tanenbaum alitangaza hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati. Wakajibizana vikali. Leo Linux iko ndani ya kila simu ya Android, kwa hivyo matokeo unayajua.

Kwangu MINIX iliwaka usiku wa manane. Nilifurahi kama mtoto, kisha nikagundua haitambui kadi ya mtandao. Hakuna intaneti, hakuna kitu. Hapo nikaelewa ushindi wa Linux kuliko nilivyoelewa kwa kusoma: muundo mzuri bila watu wa kuuandikia draiva unabaki kuwa somo tu.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba Intel walikuwa wamechukua MINIX 3 wakaitia ndani ya Management Engine, kompyuta ndogo iliyofichwa kwenye chipu za ubao mama, tangu kizazi cha sita. Leseni iliwaruhusu. Tanenbaum aliwaandikia barua ya wazi: hawakuwa na wajibu wa kumwambia, ila angependa kuambiwa.

Kizazi cha sita. Nikaitazama mashine yangu. Kumbe huku nikihangaika kuikaribisha MINIX sebuleni, nyingine ilikuwa imelala chumbani kitambo, ikifanya kazi hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi iko kwenye umeme.

Mfumo uliozaliwa ili mwanafunzi asome kila mstari umeishia mahali ambapo mwenye mashine hasomi hata mmoja. Nilirudisha Linux, nikapata intaneti. Ila siku hizi nikimaliza kazi, nachomoa waya ukutani.