Ukiona Vyaelea: Taarab na Elimu ya Kuiga

Vijana wetu huku ughaibuni wanaotaka kutunga nyimbo huogopa kuzisoma sana kazi za wakubwa, wasije wakaambiwa wameiba. Historia ya taarab inatupa jibu.

Inasimuliwa Unguja kuwa Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni. Aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa. Wazee hao walianza kwa kupiga muziki wa Kiarabu kama ulivyo, na baadaye santuri za Misri zikawa ndiyo madarasa yao: husikilizwa, hurudiwa, mpaka kila fidla ijue pahala pake.

Tuchukue bashraf, muziki usio na maneno uliozoeleka kufungulia usiku wa taarab. Kwa kawaida una sehemu nne, na baada ya kila moja hurudi kipande kile kile kiitwacho taslimu. Sehemu ya tatu aghalabu hupanda juu au huhamia maqam nyingine, kisha taslimu humrejesha msikilizaji nyumbani. Aliyeipiga mara mia hujua kwa nini muziki mrefu hauchoshi. Sisi tuliosomea uhandisi njia hii si ngeni kwetu: mashine hufahamika ikifunguliwa, ikatazamwa, kisha ikafungwa tena. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini Siti binti Saad na wenziwe hawakuishia kwenye kuiga. Waliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, waliimba kwa Kiswahili, habari za kwao, kwa ala zile zile zilizotoka ugenini. Kidumbaki nacho kilizichukua nyimbo za vilabu, kikazipigia fidla, sanduku na ngoma ndogo, zikawa za kuchezwa.

Wizi ni kuchukua lahani ya mtu ukaiita yako. Kujifunza ni kujua ilivyojengwa. Basi kijana na achague wimbo mmoja, aupige mpaka aukariri. Aandike kiitikio kinarudi mara ngapi, maqam inabadilika wapi, na fidla inajibu nini mwimbaji anapovuta pumzi. Kisha atunge wake kwa mpango huo, kwa lahani na maneno yake mwenyewe. Wa kwanza utafanana na wa mwalimu, na wa kumi utakuwa wake.

Tusichelewe. Kaseti tulizokuja nazo zinaharibika masandukuni, na wanaoweza kutufafanulia maqam wanatutoka mmoja mmoja. Tukizihifadhi bila ya kuzisoma, wajukuu watarithi sauti wasizoweza kuziendeleza. Kwa hiyo wazazi, mtoto akirudia wimbo mmoja jioni nzima, tusimkemee. Yuko darasani.