Mwalimu Aliyeahidi Dola 25

Tarehe 22 Agosti 1935, wapiga kura wa Alberta, jimbo la wakulima wa ngano magharibi mwa Kanada, waliifagia serikali yao yote nje. Chama kipya kabisa, Social Credit, kilitwaa viti 56 kati ya 63. Chama cha wakulima kilichokuwa kimetawala tangu 1921 hakikubakiwa na hata kiti kimoja. Na mtu aliyesababisha mafuriko hayo hakuwa amegombea popote. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya upili mjini Calgary, mzee mnene mwenye upara na miwani, jina lake William Aberhart. Siku chache baadaye akaapishwa kuwa waziri mkuu wa jimbo. Kiti cha ubunge alikuja kutafutiwa baadaye, kupitia uchaguzi mdogo.

Alikuwa ameahidi kitu kimoja ambacho kila mtu alikielewa: kila mtu mzima atapewa dola 25 kila mwezi. Si mkopo, si sadaka. Haki yake.

Hizo dola 25 hazikuwahi kulipwa. Lakini ukisema tu kwamba Aberhart alikuwa mwanasiasa mwongo kama wengine, utakuwa umeikosa hadithi yenyewe. Aliiamini ahadi yake. Na watu walimwamini kwa sababu nzuri kabisa: alikuwa mwalimu wao.

Aberhart alizaliwa mwaka wa 1878 katika familia ya wakulima huko Ontario, mashariki mwa nchi. Alifundisha Brantford hadi akawa mwalimu mkuu, kisha mwaka wa 1910 akahamia Calgary. Shahada yake ya chuo kikuu cha Queen's aliipata akiwa tayari kazini, kwa kusoma kwa njia ya posta. Mwaka wa 1915 akakabidhiwa shule ya upili ya Crescent Heights, akaiongoza kwa miaka 20. Somo lake lilikuwa hisabati. Alikuwa mkali, mpenda utaratibu, na alijua kuandaa mtu kwa mtihani: chukua jambo gumu, likate vipande, lirudie mpaka wa nyuma darasani naye alishike.

Jumapili alikuwa na darasa lingine. Alifundisha Biblia, hasa unabii wa siku za mwisho, na umati ulikua hadi ukumbi wa kanisa ukashindwa kuubeba, ikabidi wahamie jumba la sinema la Palace. Mwaka wa 1925 mahubiri yake yakaanza kurushwa na redio ya CFCN. Fikiria maana ya hilo wakati huo. Mkulima anakaa maili nyingi kutoka kwa jirani yake, theluji imefunga barabara, na ndani ya nyumba kuna sauti moja tu kutoka nje: sauti ya Aberhart. Kijana mmoja wa shambani katika jimbo jirani la Saskatchewan, Ernest Manning, aliisikia sauti hiyo, akafunga safari hadi Calgary, akawa mwanafunzi wa kwanza wa taasisi ya Biblia ambayo Aberhart aliifungua mwaka wa 1927. Mkumbuke huyo Manning. Tutarudi kwake.

Kisha mambo yakaharibika. Baada ya 1929 bei ya ngano iliporomoka, na ukame ukafuata. Upepo ukabeba udongo wa mashamba kama moshi. Wakulima walikuwa na madeni ya benki yaliyokopwa wakati bei ni nzuri, na sasa riba ilikuwa ileile ilhali gunia halikuwa na thamani. Aberhart aliwaona vijana aliowafundisha, wenye vyeti vizuri, wakisota bila kazi.

Kiangazi cha 1932 alikuwa Edmonton akisahihisha mitihani ya jimbo pale mwalimu mwenzake alipompa kitabu kuhusu mawazo ya Meja C. H. Douglas, mhandisi Mwingereza. Inasemekana alikisoma usiku mmoja. Asubuhi alikuwa mtu mwingine.

Hoja ya Douglas, ukiivua mapambo, ni hii. Kiwanda kinalipa mishahara. Pia kinalipa malighafi, mashine na riba ya benki. Bei ya bidhaa lazima ifidie vyote hivyo. Lakini mfanyakazi ana mshahara peke yake mfukoni, kwa hiyo wafanyakazi wote kwa jumla hawawezi kamwe kununua kila walichotengeneza. Ndiyo maana maghala yamejaa na watu wana njaa. Dawa? Serikali iunde mikopo mipya na kuwagawia raia pengo hilo kama gawio.

Wachumi walijibu kwamba pesa za malighafi na mashine hazipotei hewani. Zinakuwa mshahara na mapato ya mtu mwingine mahali pengine. Lakini hebu jiweke mahali pa mkulima wa Alberta mwaka wa 1933. Ngano unaiona. Njaa unaiona. Pesa huioni. Nani alikuwa akieleza kinachomuumiza, mchumi au Aberhart?

Na alieleza si mchezo. Katikati ya vipindi vya redio aliingiza maigizo mafupi. Mhusika mmoja alikuwa mgeni kutoka sayari ya Mars, aliyezunguka Alberta akiuliza maswali ya kitoto: mbona chakula ni kingi na watu hawali? Vikundi vya kujifunza vikaota kila kona, vikikutana shuleni na majumbani. Mwanzoni Aberhart hakutaka chama. Alitaka vyama vilivyopo vilichukue somo lake. Wakulima waliokuwa madarakani walilijadili katika mkutano wao mkuu wa Januari 1935, wakalikataa. Basi akaamua kusimamisha wagombea wake.

Alipoulizwa pesa zitatoka wapi hasa, alikuwa na jibu la darasani: huhitaji kujua umeme unavyofanya kazi ili uwashe taa. Wataalamu watashughulikia waya. Wewe sema tu unataka mwanga.

Jibu tamu. Lakini waya haukuwa Alberta.

Katiba ya Kanada ya 1867 iligawa kazi. Shule, hospitali, barabara na ardhi ni za majimbo. Benki, sarafu na riba ni za serikali ya shirikisho kule Ottawa. Jimbo haliwezi kuchapisha pesa wala kuiamuru benki imkopeshe nani. Aberhart alikuwa ameomba kura za ofisi moja ili atumie mamlaka ya ofisi nyingine.

Aliomba miezi 18. Kwanza akakuta hazina tupu. Aprili 1936 Alberta ikashindwa kulipa hatifungani zilizoiva. Mwaka huohuo serikali ikatoa vyeti vya ustawi, karatasi za dola moja ambazo walilipwa watu waliokuwa wakifanya kazi za barabara. Kulikuwa na sharti: kila wiki mwenye cheti alipaswa kununua stempu ya senti moja na kuibandika nyuma, la sivyo cheti hakina thamani. Nia ilikuwa watu wasizikalie, zizunguke haraka. Lakini maduka mengi hayakutaka karatasi inayodai ulishwe kila wiki, na benki zilizikataa kabisa. Mwaka uliofuata mpango ukafa.

Miezi 18 ikaisha. Dola 25 hakuna. Katika majira ya kuchipua ya 1937, wabunge wa chama chake mwenyewe wakagoma kupitisha bajeti. Hawakuwa wamechoshwa na ndoto. Walikuwa wamechoshwa na kusubiri. Kumbe wanafunzi walikuwa wameielewa sana hesabu, na sasa walitaka jibu. Ili kuwatuliza, Aberhart alikubali bodi ya wataalamu, na Douglas akatuma watu wake wawili kutoka Uingereza. Zikapitishwa sheria za kuziweka benki chini ya leseni za jimbo. Ottawa ikazifuta baada ya siku chache.

Aberhart akarudi bungeni na miswada mitatu: mmoja wa kuzidhibiti benki, mmoja wa kuzitoza kodi nzito, na wa tatu uliolenga magazeti. Huo wa tatu ungeyalazimisha magazeti kuchapisha majibu ya serikali na kutaja waliowapa habari. Magazeti karibu yote yalikuwa yakimpinga, na yeye, mtu wa redio, aliona hayo si majadiliano bali ni kelele darasani. Gavana John Bowen, mwakilishi wa Mfalme, akakataa kuitia saini miswada hiyo. Machi 1938 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba yote mitatu ilivuka mamlaka ya jimbo, na katika kuueleza ule wa magazeti, Jaji Mkuu Lyman Duff aliandika maneno kuhusu uhuru wa mjadala wa umma ambayo wanasheria wa Kanada wanayanukuu hadi leo. Gazeti la Edmonton Journal likapewa tuzo maalumu ya Pulitzer kwa kuongoza upinzani huo. Naye Bowen akalipia saini aliyoinyima: serikali ilifunga nyumba yake rasmi, ikamnyang'anya gari na wafanyakazi.

Kuna tukio moja dogo katika miaka hiyo linalomweka uchi kuliko yote. Mwaka wa 1936 serikali yake ilipitisha sheria ya kuwawezesha wapiga kura kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake, wakipata sahihi za theluthi mbili ya waliojiandikisha. Iliahidiwa kama sheria ya wananchi. Watu wa kwanza kuitumia kwa dhati walikuwa wa eneobunge la Okotoks-High River. Mbunge wao alikuwa nani? Aberhart mwenyewe. Sahihi zikakusanywa, na mwaka wa 1937 bunge likaifuta sheria hiyo, tena kwa kurudi nyuma, kana kwamba haikuwahi kuwepo.

Sasa, kuna kazi moja ambayo aliijua kweli na ambayo ofisi yake ilikuwa na mamlaka nayo. Mbali na uwaziri mkuu, Aberhart alijipa uwaziri wa elimu na hakuuachia mpaka alipokufa. Alberta ilikuwa na maelfu ya wilaya ndogo za shule, nyingi zenye chumba kimoja na mwalimu mmoja ambaye mshahara wake ulitegemea kama majirani wamevuna. Serikali yake iliziunganisha kuwa divisheni kubwa zenye uwezo wa kulipa walimu na kujenga shule za upili vijijini. Wazazi wengi walilalamika kwamba wananyang'anywa shule yao. Yeye akakaa ngumu. Mwaka wa 1936 pia ilifanya uanachama wa chama cha walimu wa jimbo kuwa wa lazima, jambo ambalo walimu walikuwa wamelipigania kwa miaka. Hakuna aliyempigia kura kwa ajili ya haya. Hayakuwa na wimbo wala mgeni wa Mars. Yalidumu.

Lakini mamlaka halali si lazima yawe mema. Tangu 1928 Alberta ilikuwa na sheria ya kuwafunga uzazi watu waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili, na mwanzoni ridhaa ilihitajika. Mwaka wa 1937, chini ya Aberhart, sheria ilibadilishwa ili wengi wao wafanyiwe bila kuulizwa. Ilifutwa mwaka wa 1972 tu, baada ya watu zaidi ya 2,800 kufungwa uzazi. Huku nchi nzima ikibishana kuhusu pesa za kuchekesha, hili lilipita kimyakimya. Ottawa haikulifuta. Lilikuwa ndani ya mamlaka ya jimbo.

Mwaka wa 1940 Aberhart alishinda tena, kwa viti vichache zaidi. Dola 25 hazikuwa zimekuja, ila watu wengi walisema angalau huyu alijaribu, na benki ndizo zilizomzuia. Mwaka wa 1938 alikuwa ameanzisha ofisi za fedha za serikali, ya kwanza katika mji mdogo wa Rocky Mountain House, ili mkulima apate mahali pa kuweka pesa ambapo si benki ya wakubwa wa mashariki. Taasisi hiyo ingalipo, kwa jina la ATB, na leo ni ya kawaida kabisa: unaweka akiba, unakopa, unalipa riba.

Alifariki Vancouver tarehe 23 Mei 1943 na kuzikwa hukohuko pwani, nje ya jimbo lililomwimba na kumtukana. Ernest Manning akarithi kiti na kukikalia hadi 1968. Akaiacha nadharia ya Douglas polepole, bila tangazo. Februari 1947 mafuta yalipatikana Leduc, na Alberta maskini ikawa tajiri kwa njia ambayo hakuna kitabu cha Meja kilichoitabiri.

Na mwaka wa 1957 serikali ya Manning iligawa kweli gawio kwa raia wazima wa Alberta, kutoka kwenye mapato ya mafuta, mali ambayo katiba inasema ni ya jimbo. Lilikuwa dola 20. Kwa mwaka, si kwa mwezi.