Swali na Jibu Lake: Mafundisho ya Dini Shuleni Mkoani Mara

Katika mafundisho yaliyotolewa na wamisionari kando ya Ziwa Viktoria, swali na jibu viliandamana. Katekisimu iliuliza nani aliyemwumba mwanadamu na kwa sababu gani, ikajibu papo hapo, na kazi ya mwanafunzi ikawa kulihifadhi jibu. Mtindo huu aghalabu hulaumiwa kuwa wa kukaririsha tu. Lawama hiyo ina haki nusu, kwani mtoto aliyekariri kwamba watu wote wameumbwa na Mungu mmoja hurudi nyumbani na maswali ambayo kitabu hakikuyauliza.

Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 katika boma la Burito, mtemi wa Wazanaki, aliyekuwa na wake 22. Shule aliyoingia mwaka 1934, Mwisenge mjini Musoma, haikuwa ya misheni. Mafundisho ya Kikatoliki aliyafuata kwa hiari yake. Burito alifariki mwaka 1942, na kijana akabatizwa kwa jina la Julius katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, tarehe 23 Desemba 1943. Kwa mtoto wa boma la aina hiyo, maswali makubwa hayakuwa ya nadharia. Wazee waliokufa bila ubatizo wako wapi? Mke wa tano ni mke, au si mke? Tambiko la ukoo ni ibada, au ni mila tu?

Yafaa kutazama maneno yenyewe. Dini, ibada, roho, dhambi na shetani ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yaliyokomaa katika Kiswahili cha Waislamu wa pwani. Mungu ni neno la Kibantu. Mtoto aliyelelewa kwa Kizanaki alikutana na imani ya Kikristo kwa lugha ya pili, na kwa msamiati ambao Uislamu ulikuwa umekwisha kuufinyanga. Wanaodai kwamba shule ya misheni ilileta mtazamo mmoja wa ulimwengu, uliokamilika, husahau jambo hili.

Nyerere mwenyewe alifundisha katika shule za Kikatoliki, Tabora na kisha Pugu, kabla ya siasa kumtwaa mwaka 1955. Alipokuwa Rais aliandika Elimu ya Kujitegemea (1967), akiishutumu elimu inayomtenga kijana na jamii yake. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misheni zilizopata ruzuku zikatwaliwa na serikali. Seminari zikaachwa, na kipindi cha dini kikabaki kila dhehebu likiwafundisha watoto wake. Hatua hiyo iliyauma makanisa. Lakini mwaka uliofuata, Oktoba 1970, alisimama New York mbele ya watawa wa Maryknoll, shirika ambalo mapadri wake walikuwa Musoma tangu 1946, akawageuzia swali la kwanza la katekisimu: ikiwa mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, Kanisa linawezaje kuvumilia umaskini unaomdhalilisha?

Shule za makanisa zimeongezeka tena tangu miaka ya 1990, Musoma na hata Bunda, ambako jimbo jipya la Kikatoliki liliundwa mwaka 2010. Maarifa ya Biblia ni somo la mtihani, na mtihani, kama katekisimu, hutoa alama kwa jibu linalojulikana.

Nyerere alipong'atuka alirudi Butiama, akazitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zilizochapishwa Ndanda mwaka 1996. Alichagua bahari iliyotumiwa kwa karne nyingi na washairi Waislamu wa pwani kusimulia habari za Mtume wao. Katika utenzi hakuna swali la mwalimu wala jibu la kukariri. Kuna kisa, na msikilizaji huachiwa aulize mwenyewe.