Mtende wa Kikosi Nambari 30

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache ya historia kwa ajili ya gazeti letu hili, nami nimechagua habari ya mti mmoja uliochorwa. Wanafunzi mlio madarasani, na nyinyi wenzangu tuliokwisha kuota mvi, nivumilieni. Nitarudi shuleni kabla sijaweka kalamu chini.

Mwaka 1961 nilikuwa mtoto wa miaka tisa, tukikaa Pumwani, Nairobi. Mjomba wangu, mzaliwa wa Lamu, alikuwa kibarua katika kiwanja cha ndege za jeshi la Uingereza pale Eastleigh. Siku moja nilimpelekea chakula, akanionyesha ubao uliochorwa nembo ya kikosi alichokifanyia kazi. Ndani ya duara palikuwa na mti mmoja.

"Mnazi!" nikasema.

"Si mnazi huu, mwanangu. Tazama vizuri. Huu ni mtende, mti wa Basra. Sasa Nairobi umefuata nini?"

Mjomba aliujua mtende kwa sababu utotoni mwake majahazi yalikuwa yakija Lamu na pepo za kaskazi, yamepakia makanda ya tende. Swali lake sikuweza kulijibu. Jibu nililipata nikiwa mtu mzima, katika vitabu vya vita.

Kikosi Nambari 30 chimbuko lake ni Misri, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1915 kilikuwa Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki, na huko ndiko ulikotoka mtende wake. Mwezi Desemba mwaka huo jeshi la Uingereza lililoongozwa na Jenerali Townshend, ambalo askari wake wengi walikuwa Wahindi, lilizingirwa na majeshi ya Uturuki katika mji wa Kut, kwenye kingo za mto Tigris. Majeshi ya kuwaokoa yalijaribu mara kadhaa kupenya, yakarudishwa nyuma. Chakula kikapungua, farasi wakachinjwa wakaliwa.

Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo lilikuwa geni katika vita: kuwalisha watu waliozingirwa kwa njia ya angani. Kuanzia tarehe 15 Aprili 1916 marubani wa Kikosi cha 30, pamoja na wenzao wa ndege za majini, walifunga magunia ya unga na vyakula vingine kwenye ndege zao ndogo, wakaruka juu ya mji na kuyaachia. Mengine yalianguka mtoni, na mengine yaliangukia mahandaki ya Waturuki.

Hebu tupige hesabu, kama tulivyofundishwa. Katika majuma mawili zilirushwa safari 140 hivi, zikadondosha takriban ratili 19,000 za chakula. Gawanya, utaona kila safari ilibeba ratili 136 hivi, mzigo ambao hamali mmoja wa bandarini huutia begani. Waliozingirwa walihitaji ratili 5,000 kila siku, nao walipata kama robo tu. Tarehe 29 Aprili 1916 Kut ilisalimu amri, askari wapatao 13,000 wakachukuliwa mateka, na maelfu kati yao walifia utekani.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kule Kut kibaba hakikujaa. Si kwamba marubani walikosa ushujaa, bali vyombo vyao vilikuwa vidogo na njaa ilikuwa kubwa.

Historia ya kikosi hiki haikuwa ya kulisha watu tu, wala si haki kuificha. Katika miaka ya 1920 ndege zake zilitumiwa kuwapiga mabomu watu wa Iraki walioukataa utawala wa Mwingereza. Katika Vita Kuu ya Pili kilipigana Ugiriki, Ceylon na Burma. Ni mwaka 1947 kilipoundwa upya kuwa kikosi cha uchukuzi, na mara baada ya hapo kikashiriki kupeleka mahitaji Berlin, mji uliofungiwa njia za nchi kavu mwaka 1948. Safari hii ndege zilikuwa kubwa na nyingi, na mji haukusalimu amri. Kazi iliyoshindikana Kut ikawezekana.

Mwezi Novemba 1959 kikosi kilihamia Eastleigh na ndege zake za Beverley. Ninyi mlioziona mtakumbuka umbo lake: nene kama ghala, injini nne, magurudumu yasiyokunjwa, na mwendo wa kobe. Lakini iliweza kubeba takriban tani 20. Kwa maneno mengine, Beverley moja kwa safari moja iliweza kubeba zaidi ya mara mbili ya vyote vilivyodondoshwa Kut kwa safari 140.

Mwaka ule wa 1961 Kenya ilipigwa na ukame na njaa, kisha kuanzia Oktoba zikaja mvua ambazo wazee bado wanazisimulia. Mto Tana ulifurika, barabara zikakatika, vijiji vikawa visiwa. Beverley zikatoka Eastleigh kwenda kudondosha chakula. Mjomba alikuwa miongoni mwa waliotayarisha magunia. Alinieleza kuwa gunia la nafaka lilitiwa ndani ya gunia jingine kubwa zaidi, ili la ndani likipasuka chini, la nje lizuie punje zisitawanyike. Usiku alirudi nyumbani nywele zikiwa nyeupe kwa vumbi la mahindi. Jamaa zetu wengine walikuwa kule Tana. Alikuwa akisema, "Leo huenda nimemfungia shangazi yako chakula."

Tulikuwa bado chini ya mkoloni, na mjomba hakuwa na mapenzi na bendera iliyopepea pale kiwanjani. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na amri zilikuwa nyingi. Lakini magunia yale aliyashona kwa uangalifu, maana aliwajua waliokuwa wakiyangoja.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Mwaka uliofuata Kikosi cha 30 kilihamia Bahrain, karibu zaidi na mitende yake, na Kenya ikaanzisha jeshi lake la anga. Kiwanja cha Eastleigh baadaye kikaitwa Moi Air Base. Mjomba alifariki kabla sijasoma habari za Kut, na hilo linanisikitisha hadi leo. Laiti ningeweza kumwambia: mtende ule uliletwa na kikosi kilichowahi kujaribu kuwalisha wenye njaa kikashindwa, na miaka 45 baadaye wewe, kibarua wa Lamu, ulikuwa mmoja wa waliokisaidia kuifanya kazi hiyo ipasavyo.

Sasa narudi shuleni kama nilivyoahidi. Kila asubuhi, wanafunzi, mnavaa nembo kifuani. Sisi tuliivaa miaka mingi bila kuuliza maana yake, na waliotuvisha wanazidi kupungua. Siku ya mkutano wetu msiridhike na kutupigia makofi tu. Mwendeeni mzee mmojawapo, kaeni karibu naye, mwulizeni nani aliichora nembo yetu, ilitokana na nini, na nani alifanya kazi ambayo jina lake halikuandikwa popote. Andikeni jibu lake. Mimi nilichelewa kwa mjomba wangu, nanyi msichelewe kwetu.