Kodi Iliyokuwa Riba

Neno kodi tunalitwisha mizigo miwili: kuna ya serikali, kuna ya mwenye nyumba. Zanzibar ya enzi za rupia lilibeba na wa tatu, ambao hakuna aliyetaka kuuandika.

Riba ni haramu kwa Mwislamu, hilo halina mjadala. Lakini mwenye shamba la mikarafuu alihitaji fedha kabla ya mavuno, hasa baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, maana mchumaji sasa alilipwa taslimu. Akaenda kwa mfanyabiashara, mara nyingi Mhindi, na wakaandikiana bei khiyari. (Bei hapa ni kwa maana yake ya Kiarabu: mauzo.)

Tuchukue hesabu ya kubuni. Nauza nyumba yangu kwa rupia 1,000, kwa sharti kwamba nina hiari ya kuinunua tena kwa rupia 1,000 zile zile ndani ya miaka miwili. Siku hiyo hiyo naipanga, kodi rupia 10 kwa mwezi. Sihamishi hata kitanda. Kwa mwaka nimelipa 120, yaani asilimia 12, na deni liko pale pale. Muda ukipita sijalipa, nyumba imekwenda. Kwenye karatasi nzima neno riba hulioni.

Anayeendesha bodaboda ya mkataba hahitaji kufafanuliwa zaidi: anaijua bei ya dukani, na anajua jumla ya hesabu atakazompelekea bosi mpaka pikipiki iwe yake.

Wala Wazanzibari hawakuzua jambo hili. Mecelle, mkusanyo wa sheria wa Waosmani wa miaka 1869 hadi 1876, unayataja kabisa mauzo ambayo muuzaji anakipanga tena kile alichokiuza. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema ulikuwa ujanja wa Wahindi tu. Mlango ulikuwepo ndani ya sheria, na pande zote mbili ziliupita zikijua zinakwenda wapi.

Shida ilikuja karafuu zilipoporomoka bei wakati wa mdororo wa miaka ya 1930. Kodi haikushuka na karafuu. Mwaka 1933 Bartlett na Last walitoa ripoti yao kuhusu madeni ya wakulima, na mwaka 1934 serikali ya ulinzi ya Waingereza ikapitisha sheria kadhaa kwa mpigo, mojawapo ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie mikononi mwa wengine. Jina lake rasmi lilitaja vizuizi na ushahidi. Mimi neno ushahidi ndilo lililonisimamisha. Kwenye khiyari kesi yote iko hapo: karatasi inasema mauzo, wenyewe wawili wanajua ni mkopo. Hakimu amsikilize nani?

Wahindi walizipinga sheria hizo vikali, wakisema wanabaguliwa, na serikali ya India ikamtuma K.P.S. Menon kuchunguza. Walikuwa na hoja, kwa maoni yangu: sheria ya mikataba ingeweza kuutazama mkataba wenyewe, ikachagua kuangalia kabila la mnunuzi. Na mfanyabiashara mdogo wa shamba naye alikuwa na deni mjini, kwa mkubwa wake.

Msimu ulipofika, wachumaji walikuwa bado wanadai ujira wao taslimu.