Mgongo Uliovunjika Hupita Voi

Nilipiga picha za eksirei Voi hadi nikastaafu. Wa kuanguka mwembeni kule Wundanyi, wa kugongwa na lori njia ya Mombasa, wote tuliwapiga picha mbele na ubavuni, kisha ambulensi ikaondoka nao: Mombasa kilomita 150 hivi, Nairobi zaidi ya 300.

Desturi hiyo ya kusafirisha majeruhi ni ya zamani. Februari 1916 Wajerumani walipowashinda Waingereza na askari wa Afrika Kusini pale Salaita, karibu na Taveta, majeruhi walirudishwa Voi kwa reli iliyojengwa kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wasiowahi wamezikwa Voi, Maktau na Taveta. Eksirei ilikuwa na miaka 20 tu. Mwanafizikia Röntgen aliigundua Novemba 1895, na mwaka uliofuata reli ya Uganda ikaanza kutandazwa Mombasa. Lakini kuuona mfupa si kuuunga. Aliyevunjika mgongo akapooza mara nyingi alilazwa tu, akamalizwa na vidonda vya kitandani na maradhi ya mkojo. Nairobi ilipata hospitali ya majeruhi wa uti wa mgongo mwaka 1944, nayo ilikuwa ya askari.

Skrubu za kuunga mgongo zilikuja baadaye. Mwaka 1963, Paris, daktari Roy-Camille alianza kuzipitisha kwenye vijidaraja vya mfupa vilivyo pande mbili za pingili. Kifuani kijidaraja huweza kuwa na upana wa milimita 5. Ukikosea kwa ndani, umegusa mishipa ya fahamu. Daktari alitegemea alama za mfupa, mkono wake, na eksirei ya mle mle chumbani, watu wamevaa aproni za risasi.

Miaka ya 1990, Uswisi na Marekani, kompyuta ikaingia. Kamera hufuata vijipira vinavyoakisi mwanga kwenye vifaa na kwenye kibanio kilichoshika pingili, na skrini huonyesha ncha ya kifaa ilipo ndani ya picha ya CT. Vijana hunambia sasa mashine ndiyo ijuayo njia. Hapo hubishana nao. Picha ya CT ikipigwa kabla ya upasuaji, mgonjwa huwa chali. Anapasuliwa kifudifudi, pingili zimeshasogea, ndiyo maana daktari hulinganisha mfupa na picha upya. Kibanio kikigongwa na kiwiko bila mtu kujua, skrini huendelea kuonyesha njia safi kabisa, ya uongo.

Tena mashine hiyo haimfikii aliyekwisha kukatika mishipa ya fahamu barabarani. Pale Voi bado naona majeruhi wakishikwa mabega na miguu na kurushwa nyuma ya pikapu. Huwa napiga kelele: leteni mlango, leteni ubao, mmoja ashike kichwa, mgeuzeni kwa pamoja!