Kasese: Kiwanda Kilichokula Taka Hadi Zikaisha

Mtu wa Mugumu, mkoani Mara, aliyewahi kufika machimbo ya Majimoto au Nyamongo hahitaji kufundishwa kwamba mchanga mmoja huuzwa mara mbili. Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, akayaosha mwaloni, akakamata dhahabu kwa zebaki. Mchanga unaobaki, yaani marudio, hautupwi. Mwenye matenki ya sianidi ameshaupangia bei kabla haujakauka, kwa sababu anajua zebaki imeacha dhahabu nyingi iliyojificha kwenye vumbi laini. Sianidi huiyeyusha, kaboni ikainasa, na mtambo wa elusheni ukaitoa kwenye kaboni.

Kobalti iliyowahi kusafishwa Uganda ilipatikana kwa njia hiyo hiyo ya marudio, ila rundo lake lilikuwa la tani zaidi ya milioni moja, na kazi ya kulifungua jiwe ilifanywa na bakteria.

Mgodi wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulianza kutoa shaba mwaka 1956. Kampuni ya Falconbridge ya Kanada ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi. Mwaka huo huo reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na shaba ikawa inasafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha ikaendelea na safari hadi Mombasa. Katika miaka ya sitini shaba hiyo ilikuwa fahari ya mauzo ya nje ya Uganda, nyuma ya kahawa na pamba.

Mawe ya Kilembe yalikuwa pia na kobalti, iliyojibana ndani ya pairaiti, lile jiwe la njano la chuma na salfa ambalo hung'aa likamdanganya mgeni wa machimbo. Tanuri la Jinja halikuweza kuitoa kwa faida. Mafundi wa Kilembe walifanya jambo la busara kwa wakati wao: waliitenga pairaiti hiyo na shaba, wakaishusha Kasese na kuilundika wazi, wakisubiri siku ambayo ufundi ungepatikana. Rundo lilifika takribani tani milioni 1.1, likiwa na kobalti karibu asilimia 1.4.

Siku hiyo ilichelewa. Idi Amin alitwaa madaraka, Wakanada wakaondoka katikati ya miaka ya sabini, vipuri vikaadimika, na ilipofika 1982 mgodi ulikuwa umesimama. Rundo likabaki linanyeshewa.

Pairaiti ikikutana na hewa na maji huoza: salfa yake hugeuka asidi, na asidi hiyo huyeyusha metali zilizomo. Kutoka Kasese maji hayo yaliteremka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George, yakiacha ukanda wa ardhi usioota nyasi. Sisi tunaoishi mlangoni mwa Serengeti tunaweza kukadiria uzito wa habari hiyo bila kuelezwa zaidi.

Wataalamu wa taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, BRGM, waliutazama uozo huo kwa jicho jingine. Unasukumwa na bakteria wanaoishi kwenye asidi, wasiohitaji jua, ambao chakula chao ni chuma na salfa. Kama wameweza kuitoa kobalti kwenye mvua na kuimwaga mbugani, wanaweza pia kuitoa ndani ya tenki, mahali ambapo mtu anaweza kuikinga. Kampuni ya Kasese Cobalt iliundwa mwaka 1992, na mwaka 1999 kiwanda kikaanza kazi.

Matenki makuu yalikuwa matano, kila moja la mita za ujazo zipatazo 1,350. Tope la pairaiti liliingizwa humo pamoja na virutubisho, hewa ikapulizwa bila kukoma, joto likashikiliwa kwenye nyuzi 42 au karibu yake. Kazi ya bakteria huzalisha joto jingi, kwa hiyo shida ilikuwa kupoza matenki, wala si kuyapasha. Baada ya siku chache pairaiti ilikuwa imevunjika, kobalti ikiogelea kwenye asidi.

Hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imekwisha. Kwa kweli ndipo inapoanza kuwa ngumu, kwa kuwa asidi haichagui: imeyeyusha chuma, zinki, shaba, manganizi na nikeli pia. Chuma kiliangushwa chini kwa chokaa. Metali nyingine ziliondolewa kwa hatua zake, kwa kemikali na kwa viyeyusho vya mafuta vinavyovuta metali moja na kuiacha nyingine. Nikeli na kobalti zinakaribiana mno kitabia; kuzitenganisha kumewasumbua wakemia tangu karne ya 18. Mwishowe umeme ulipitishwa kwenye maji yaliyosafishwa, na kobalti ikajibandika kwenye bamba, tabaka juu ya tabaka. Umeme wenyewe ulitoka kwenye mtambo mdogo wa Mto Mubuku uliojengwa kwa ajili ya kiwanda.

Bei ya kobalti ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kilifungwa kwa muda, kikarudi 2004, na mwaka 2013 kikafika mwisho ambao viwanda vichache huufikia: taka ziliisha. Kwangu mimi hayo ni mafanikio, ingawa wafanyakazi waliopoteza ajira Kasese wana haki ya kuyaita vingine. Wala usafi haukuenea bonde zima. Mei mwaka huo huo Mto Nyamwamba ulifurika Kilembe, na mabaki ya zamani ya shaba kwenye kingo zake hayakuwa sehemu ya rundo lililosafishwa.

Mkoa wa Mara umeionja asidi ya mawe yanayooza pia. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga maji Mto Mara. Wananchi walilalamikia afya zao na mifugo. Kampuni ilisema plastiki za kuzuia maji zilikuwa zimeibwa. Mabishano kuhusu madhara yaliendelea kwa miaka. Kemia ya kuoza kwa mawe yenye salfa haina mabishano, ni ile ile ya Kasese.

Na sasa kuna Kabanga, wilayani Ngara. Nikeli yake iligunduliwa katika miaka ya sabini kwa utafiti uliogharimiwa na Umoja wa Mataifa. Leseni ikapita mikononi mwa Sutton, Barrick, Xstrata na Glencore, hadi Serikali ilipoifuta mwaka 2018. Januari 2021 mkataba mpya ukaizaa Tembo Nickel, Serikali ikiwa na asilimia 16. Mpango uliotangazwa ni kusafishia nikeli, shaba na kobalti Kahama, kwenye eneo la mgodi uliofungwa wa Buzwagi, bila tanuri: salfa ivunjwe kwa oksijeni ndani ya chombo chenye joto na mgandamizo mkubwa. Bakteria wa Kasese walihitaji siku; chombo hicho kinahitaji saa. Hadi 2025 mgodi ulikuwa haujaanza kuzalisha.

Baada ya sakata la 2017 la makinikia yaliyokuwa yakipelekwa nje kusafishwa, kusikia neno kusafisha likiambatana na Kahama kunafurahisha. Lakini mawe ya Kabanga yana nikeli asilimia 2 na ushei, na kobalti chini ya asilimia 1. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni chuma na salfa, vya aina inayooza, na mabaki ya kwanza yatalala Ngara, si Kahama, katika bonde ambalo maji yake huingia Mto Kagera. Leseni hiyo imebadili wenyewe mara nne au tano kabla ya kuuza hata tani moja. Anayesaini leo atakuwa wapi bwawa la tope la mabaki hayo litakapofikisha miaka arobaini, na fedha za kulilinda zitakuwa zimewekwa akaunti ya nani? Kilembe haikuwa na jibu mwaka 1982, na ilichukua miaka 17 kabla ya tenki la kwanza kujazwa.